Ubaguzi wa Rangi na Unyakuzi wa Utamaduni katika Bunilizi za Kisayansi: Mhakiki Afanyeje?

Utangulizi

Mwalimu anapofundisha fantasia au bunilizi ya kisayansi, mara nyingi hukabiliwa na hoja hii kutoka kwa wanafunzi: ikiwa nchi inayosimuliwa haipo na watu wake hawapo, ubaguzi utatoka wapi? Hoja hii ina mvuto lakini ina kasoro. Mwandishi anaweza kubuni sayari nzima, ila huingia katika sayari hiyo akiwa na mazoea yake kuhusu nani anafaa kuwa shujaa, nani mtumishi na nani zimwi. Aidha, kazi yake hupitia mikononi mwa wahariri, wachoraji wa majalada, watengenezaji wa filamu na watoaji wa tuzo, ambao nao wana mazoea yao.

Makala haya yananuia kueleza jinsi ubaguzi wa rangi na unyakuzi wa utamaduni ulivyojitokeza katika tanzu hizi, hasa nchini Marekani, jinsi waandishi walivyouitikia, na funzo analoweza kupata mhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

Dhana ya unyakuzi

Hapa kwetu neno unyakuzi linatukumbusha ardhi. Mnyakuzi hujipatia hati, naye mwenyeji akabaki maskwota katika shamba la babu yake. Unyakuzi wa utamaduni unafanana na huo: mwenye nguvu huchukua lugha, ibada, vazi au hadithi ya watu wengine, akafaidika nayo, huku wenyewe wakikosa sauti, sifa na malipo.

Hata hivyo, kukopa si kunyakua. Kiswahili chenyewe kimekopa shairi kutoka Kiarabu na meza kutoka Kireno, na hakuna anayelalamika. Tofauti inatokana na uwezo wa pande mbili. Mfano ulio karibu nasi ni msemo 'hakuna matata'. Baada ya filamu ya mwaka 1994 kuhusu simba, kampuni ya Disney iliomba msemo huo uwe alama yake ya biashara nchini Marekani, na ikasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi ombi la kupinga usajili huo. Ni kweli kwamba usajili haukumkataza Mswahili kuutamka msemo wake. Lakini swali la walalamishi lilikuwa na uzito: iweje neno la umma liwe na hati ya mtu mmoja?

Linganisha na Uhura, afisa wa mawasiliano katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek iliyoanza mwaka 1966. Jina lake limetokana na neno letu 'uhuru'. Hapa neno la Kiswahili lilipewa mwanamke Mweusi mwenye cheo na ujuzi, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Kukopa huku kulimheshimu mkopeshaji.

Ubaguzi mlangoni mwa uchapishaji

Ubaguzi mwingi haumo katika matini bali katika mlango ambao matini hupitia. Samuel Delany, mwandishi Mmarekani Mweusi, alieleza katika insha ya mwaka 1998 jinsi riwaya yake Nova (1968) ilivyokataliwa kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida la Analog. Kwa maelezo ya Delany, mhariri John W. Campbell aliipenda riwaya yenyewe, ila hakuamini kwamba wasomaji wake wangemkubali mhusika mkuu Mweusi. Tazama jinsi hoja hii inavyofanya kazi: anayebagua hasemi kwamba yeye ndiye anayebagua, humsingizia msomaji.

Ursula Le Guin, ambaye alikuwa Mzungu, alimpa Ged, shujaa wa A Wizard of Earthsea (1968), ngozi ya hudhurungi, na watu wengi wa visiwa vyake si weupe. Hata hivyo, alilazimika kubishana kwa miaka mingi kuhusu majalada yaliyomchora Ged kama Mzungu. Hadithi hiyo ilipotengenezewa televisheni mwaka 2004, Ged aliigizwa na Mzungu. Le Guin aliandika waziwazi kuipinga kazi hiyo. Hakuwa amebaguliwa yeye, lakini hakukubali jina lake litumiwe kuwafuta wahusika wake.

Suala la tuzo

Kuanzia mwaka 1975, Tuzo ya Dunia ya Fantasia ilikuwa sanamu ya kichwa cha H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha aliyefariki mwaka 1937. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitunukiwa tuzo hiyo kwa riwaya Who Fears Death. Baadaye alisoma shairi la Lovecraft linalowadunisha watu Weusi kupita kiasi, akaandika kuhusu utata wa kuheshimiwa kwa sura ya mtu ambaye asingemheshimu. Mwaka 2014 mwandishi Daniel José Older alianzisha ombi la kubadilisha sanamu hiyo. Mwaka 2015 uamuzi wa kuiacha ukatangazwa, na tangu mwaka 2017 washindi hupewa sanamu ya mti na mwezi.

Waliopinga mabadiliko walidai kwamba historia inafutwa. Dai hili halina mashiko, kwa kuwa vitabu vya Lovecraft bado vinasomwa na kuhakikiwa. Kilichoondolewa ni heshima, si matini. Ni tofauti ambayo mhakiki hana budi kuishika: kumsoma mwandishi si sawa na kumtukuza.

Mvamizi, mtalii na mgeni

Je, mwandishi asithubutu kuandika kuhusu watu wasio wake? Nisi Shawl, mwandishi Mmarekani Mweusi aliyeshirikiana na Cynthia Ward kuandika kitabu Writing the Other (2005), anakataa jibu hilo. Shawl anatumia uainishaji wa Diantha Day Sprouse wa wakopaji wa aina tatu. Mvamizi huchukua apendavyo bila kujali. Mtalii hupita tu, lakini anaweza kufundishika na kulipia anachokipata. Mgeni ameingia kwa kukaribishwa, na uhusiano wake na wenyeji unaendelea.

Uainishaji huu unatufaa sana sisi tunaosema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwamba siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Mgeni wa kweli huacha kitu kwa wenyeji.

Darasani

Tunapohakiki kazi yoyote ya utanzu huu, iwe Walenisi ya Katama Mkangi (1995) au Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002), tunaweza kuwaongoza wanafunzi kwa maswali haya: Ni nani anayeona na ni nani anayeonwa tu? Ni nani mwenye jina, na ni nani anayetajwa kwa kabila au rangi pekee? Mwandishi amekopa nini, kwa nani, na mwenyeji amefaidi nini? Jalada linasema sawa na matini?

Majibu yatolewe kwa ushahidi wa matini. Kumwita mwandishi mbaguzi bila kuonyesha ukurasa ni matusi, si uhakiki. Vilevile, mwandishi akisema hakukusudia, hoja haijaisha, tunahakiki kilichoandikwa.

Muhimu zaidi, maswali hayo yaelekezwe kwetu pia. Katika insha za kubuni za wanafunzi wetu, mchawi hutoka jamii gani? Mlinzi mjinga huzungumza kwa lafudhi ya nani? Mwenye duka mchoyo ni wa asili gani? Mwalimu akicheka na darasa zima, mwanafunzi wa jamii inayodhihakiwa hucheka pia, lakini amejifunza kwamba hadithi si yake.

Hitimisho

Mwaka 2018 N. K. Jemisin, Mmarekani Mweusi, alikuwa mwandishi wa kwanza kushinda Tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo. Msomaji ambaye mhariri wa Analog hakumwamini alikuwepo. Kazi ya mwalimu wa fasihi ni kuhakikisha kwamba msomaji huyo, akiwa ameketi dawati la nyuma darasani kwake, anajua kwamba anahesabiwa.