Mkahawa mgeni, mchekeshaji mwanagenzi: Jioni isiyo na dhamana jijini

IJUMAA jioni, wafanyakazi wengi wa jijini Nairobi huwa hawana haja ya kushauriana. Nyama choma ni ileile, meza ni ileile, na mhudumu anajua nani hunywa nini. Atakayependekeza kwamba safari hii kundi lijaribu mkahawa ambao hakuna aliyewahi kuuingia, kisha likawatazame wachekeshaji wasio na jina, huwa amejitwika mzigo. Chakula kikiwashinda wenzake na vichekesho vikikosa kuchekesha, lawama zote ni zake.

Hata hivyo, wapo wanaothubutu, na hawajutii. Siri yao ni kwamba hawaendi gizani. Wanajua kidogo jinsi mambo haya mawili yanavyoendeshwa, na anayejua hivyo huona mengi pale ambapo mwenziwe anaona sahani ngeni na kijana anayetokwa na jasho mbele ya maikrofoni.

Mfano mzuri ni mkahawa wa Kihabeshi. Waethiopia wameishi Nairobi kwa miongo mingi. Wengi walikimbilia Kenya baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 yaliyomwondoa Mfalme Haile Selassie, na wengine wakafuata katika miaka iliyokuja. Walikuja na mapishi yao, na leo mikahawa yao inapatikana katika mitaa kadhaa ya jiji. Licha ya ujirani huo, Wakenya wengi bado hawajawahi kuketi mbele ya sahani ya injera.

Sahani moja, mikono mingi

Injera ndiyo msingi wa mlo. Ni mkate mpana, laini na mwembamba, unaotengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo mno yenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia. Unga huo hukorogwa kwa maji na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha humiminwa juu ya kikaango kikubwa na kuokwa upande mmoja tu. Ndiyo maana upande wa juu huwa na vitundu tele, na ndiyo maana ladha yake ni ya ukakasi. Anayetarajia chapati hushtuka kwa tonge la kwanza. Anayekumbuka uji uliochachuka hujisikia yuko nyumbani.

Mchuzi huitwa wati. Vitunguu vingi hukaangwa taratibu hadi vilainike kabisa, kisha huongezwa berbere, mchanganyiko wa pilipili na viungo vingine unaoupa mchuzi rangi yake nyekundu. Doro wati ni wa kuku, na huandaliwa pamoja na yai la kuchemsha. Shiro hutokana na unga wa dengu au kunde nyingine. Gomeni ni mboga za majani ambazo mlaji wa sukuma wiki atazitambua bila kuelezwa.

Ijumaa ni siku nzuri ya kuanzia. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na kwaresima yao huchukua takriban siku 55. Katika siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Kwa sababu hiyo, mapishi ya mboga na kunde hayakuachwa yawe chakula cha akiba, bali yalipewa ufundi uleule wa nyama. Anayeagiza bayenetu huletewa mapishi mengi ya aina hiyo, kila moja kwa kiasi kidogo, juu ya injera moja. Kwa mgeni asiyejua achague nini, hilo ni suluhisho: huonja yote kabla ya kupenda moja.

Mwenye wasiwasi aulize kabla ya kuagiza. Kitfo, kwa mfano, ni nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa na kuchanganywa na siagi na viungo, na kwa desturi huliwa mbichi. Anayetaka ipitishwe motoni kidogo huomba leb leb. Kuuliza si ushamba. Ushamba ni kunyamaza, kuletewa usichokitaka, kisha kwenda kuusimulia mtaa mzima kwamba chakula cha watu fulani hakiliki.

Hakuna uma wala kijiko. Watu hunawa, huzunguka sinia moja, na kila mmoja huchana kipande cha injera kwa mkono wa kulia na kuchotea mchuzi. Ikitokea mwenyeji akafunga tonge na kumlisha mgeni mdomoni, hiyo ni gursha, ishara ya heshima na upendo, na kuikataa si adabu. Watu waliofanya kazi ofisi moja kwa miaka mitano wakijuana kwa salamu tu hujikuta wakila sinia moja.

Mlo hufungwa kwa kahawa. Buni mbichi hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, kisha kahawa huchemshwa katika chombo cha udongo kiitwacho jebena na kumiminwa katika vikombe visivyo na mkono. Desturi ni mizunguko mitatu: aboli, tona na baraka. Jina la tatu halihitaji mfasiri kwa msemaji wa Kiswahili. Anayeondoka kabla yake ameiacha baraka mezani.

Dakika tano za mwanagenzi

Kutoka hapo, kundi huelekea ukumbini. Chakula na vichekesho vimefuatana kwa muda mrefu. Mwaka 1963, Budd Friedman alifungua mkahawa jijini New York akiuita Improvisation. Alikusudia wasanii wa maigizo wapate mahali pa kula na kuimba baada ya kazi, lakini wachekeshaji wakaugundua, na baada ya muda mfupi wao ndio wakawa sababu ya watu kuingia. London ilipata Comedy Store yake mwaka 1979. Huko, mshereheshaji alikuwa na kengele kubwa ya shaba, na anayeshindwa kuchekesha aligongewa na kuondoka jukwaani.

Usiku wa wanagenzi hufuata kanuni zinazofanana karibu kila jiji. Anayetaka kupanda jukwaani huandikisha jina mapema. Hupewa dakika chache, mara nyingi tano. Muda ukikaribia kwisha, taa ndogo huwashwa nyuma ya ukumbi ili yeye peke yake aione. Kwa kawaida halipwi, na mara nyingine nauli ya kurudi nyumbani humtoka mfukoni mwake mwenyewe.

Dakika tano ni kitu kidogo kwa anayesikiliza na ni jangwa kwa anayesema. Mwimbaji akikosea, ala humfunika. Mwigizaji akisahau, mwenzake humwokoa. Mchekeshaji hana ala wala mwenzake, na hukumu yake haingoji mwisho wa onyesho. Hutolewa kila baada ya sekunde chache, kwa kicheko au kwa ukimya.

Kichekesho chenyewe kina sehemu mbili. Kwanza msikilizaji huongozwa kutarajia jambo fulani, kisha hupelekwa kwingine kwa ghafla. Mwanagenzi hukosea zaidi katika sehemu ya kwanza: huieleza mno, hadi msikilizaji akafika mwisho kabla yake. Hukosea pia kwa kuogopa ukimya. Mzoefu hutua na kuacha watu wacheke, ilhali mwanagenzi huendelea kusema na kukiua kicheko alichokitafuta mwenyewe. Ndiyo sababu wenye nia hurekodi sauti zao, husikiliza kesho yake, hufuta neno moja na kurudi wiki inayofuata.

Ukumbi nao una sehemu yake. Robert Provine, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alibaini kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kicheko huambukiza. Watu 20 walioketi karibu karibu katika chumba kidogo chenye giza watacheka zaidi ya 50 waliotawanyika katika ukumbi mkubwa. Kwa hiyo kundi linaloketi mbele humsaidia kijana jukwaani, na linalojificha nyuma karibu na mlango humnyima nusu ya nafasi yake.

Kutoka Vitimbi hadi maikrofoni

Wakenya hawakungoja maikrofoni ili wacheke. Vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwafurahisha watazamaji kwa miongo mingi, na marehemu Benson Wanjau, aliyefahamika kama Mzee Ojwang', alikuwa kama jamaa wa kila nyumba hadi alipofariki mwaka 2015. Lakini hayo yalikuwa maigizo, yenye wahusika na visa.

Kundi la Redykyulass lilifungua mlango mwingine. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walimwigiza Rais Daniel arap Moi hadharani akiwa bado madarakani, jambo ambalo miaka michache kabla yake lingemtia mtu matatani. Kiarie mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Baadaye Daniel Ndambuki, maarufu Churchill, alileta kwenye televisheni kipindi kilichowapa vijana nafasi ya kusimama peke yao mbele ya umati, na miongoni mwa waliotambulika kupitia humo ni Eric Omondi. Tangu hapo, kijana mwenye ulimi mwepesi hakuuona tena uchekeshaji kuwa mchezo wa darasani tu. Aliona kazi.

Mpaka wa utani

Mali ghafi ya wachekeshaji wengi wa Kenya imekuwa kabila: lafudhi, chakula, mapenzi ya pesa, majigambo. Mwanagenzi huikimbilia kwa sababu ni njia fupi ya kupata kicheko. Hapo ndipo jioni ya burudani inapogusa jambo zito.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, wengi kwa sababu ya majina yao tu. Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008. Matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila yakawa kosa la kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo inataja pia maonyesho ya hadharani.

Je, mzaha wa kabila ni dawa au ni kuni? Jibu haliko katika neno lenyewe, bali katika uhusiano wa anayesema na anayesemwa. Wazee wa Afrika Mashariki walilijua hilo kabla ya sheria yoyote. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, walikuwa watani. Mtani aliweza kumdhihaki mwenzake hata msibani na asikasirikiwe. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na bei: mtani huyohuyo alikuwa na wajibu katika mazishi ya aliyemtania. Aliyekucheka ndiye aliyekusaidia kuzika.

Kipimo hicho bado kinafaa. Mchekeshaji anayeanza na watu wake mwenyewe, kisha akamgusa jirani anayeketi naye, yumo ndani ya utani. Anayewachagua wasiokuwapo ukumbini, au waliokwisha kuumizwa, na kuwafanya wadogo kuliko watu, ameutoka. Msikilizaji naye hana udhuru. Kicheko ni kura, na kinachochekewa Ijumaa hii kitarudiwa Ijumaa ijayo.

Adabu ya mgeni

Kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza, mambo machache yatoshe. Ale mapema, kwa maana sinia la Kihabeshi halina haraka na kahawa yake haina haraka zaidi. Azime simu. Asimkatize aliye jukwaani kwa kudhani anamsaidia. Asirekodi na kusambaza dakika tano za mtu ambaye bado anajifunza, kwani kichekesho kibichi kikitolewa nje ya ukumbi huweza kumfuata mwenyewe maisha yake yote. Na kikichekesha, acheke kwa sauti, kwa kuwa tabasamu halionekani gizani.

Inawezekana jioni hiyo injera ikawa kali mno kwa mmoja, na wachekeshaji wanne kati ya sita wakashuka kimya kimya. Si hasara. Mpishi na mwanagenzi wote wawili humwomba mgeni kitu kimoja: aonje kabla ya kuhukumu. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mgeni aliyenawa mikono, akaonja asichokijua na kumsikiliza asiyemjua hadi taa ya nyuma ilipowaka, ametoa kilicho adimu jijini siku ya Ijumaa, nao ni usikivu wake.