Gogo ni Lako, Bakuli Je? Kweli na Uongo Kuhusu Kukerezewa Bakuli

Mwembe wa babu ukiangushwa na upepo, au mfenesi ukikatwa kupisha msingi wa nyumba, wapo wanaokataa shina lote liishie kwenye mkaa. Huchukua kipande wakampelekea fundi mwenye mashine ya kukereza, awatolee bakuli litakalobaki katika ukoo. Ni jambo jema sana. Lakini mteja huja pia na mambo aliyoyasikia mtaani, na baadhi yake huliua gogo kabla patasi haijaligusa.

“Gogo likae mwaka mmoja au miwili likauke, ndipo lipelekwe kwa fundi.”

Si kweli, na hakuna imani inayoharibu magogo kuliko hii. Gogo zima halikauki sawasawa. Maji hutoka haraka kwenye ncha zilizokatwa, na polepole mno kupitia gome. Ncha zinasinyaa huku katikati kumejaa maji, basi mbao inajipasua. Isitoshe, mbao haisinyai kwa kipimo kimoja kila upande. Kufuata mzunguko wa shina husinyaa karibu mara mbili ya vile inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Ndiyo maana nyufa huanzia moyoni na kuelekea nje. Wakati huohuo dumuzi na ukungu wameshapata makao chini ya gome.

Fundi wa bakuli analitaka gogo bichi. Hulipasua kwa urefu kupitia moyoni, na moyo wenyewe akauondoa, kwa sababu bakuli lililobaki na moyo wa mti ni nadra kupona. Kisha hukereza umbo la awali, nene makusudi: kwa kawaida ukuta huachwa sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 30 hubaki na ukuta wa sentimita 3. Hulifukia katika maranda yake au hulitia kwenye mfuko wa karatasi, huliweka kivulini pasipo upepo, na mara kwa mara hulipima kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Wakati huo halitakuwa duara tena, limevutika likachukua umbo la yai, na ule unene wa ziada ndio unaompa fundi nafasi ya kulirudisha mashineni na kulinyoosha. Kazi hiyo huchukua miezi. Anayeahidi kugeuza gogo bichi kuwa bakuli kavu la duara kwa wiki moja, muulize atalikausha vipi.

“Likianikwa juani litawahi.”

Litawahi kupasuka. Jua hukausha ngozi ya juu kabla ya ndani.

“Mbao nimeleta mwenyewe, kwa hiyo nitalipa kidogo.”

Si kweli, ingawa naelewa kwa nini mtu atarajie hivyo. Katika bakuli, gharama kubwa ni kazi: kupasua gogo, kulikereza mara mbili, kulitunza miezi katikati, msasa, na mafuta ya mwisho. Na mti wa uani una hatari ambayo mbao ya dukani haina. Miaka mingi nyuma mtu aligongelea msumari wa kamba ya nguo, au akafunga waya wa uzio, na mti ukanenepa ukavimeza. Patasi ikikutana na chuma mashine inapozunguka, makali yanakwisha palepale na fundi anaweza kuumia. Doa la buluu iliyokolea kwenye mbao mara nyingi ndilo linaloonya kwamba chuma kiko karibu. Mvule hauhitaji hata msumari: hutengeneza mawe yake yenyewe ya chokaa ndani ya shina. Kama unajua mti wako uliwahi kupigiliwa chochote, mwambie fundi siku ya kwanza.

“Fundi hodari, bakuli lake halipasuki.”

Si kweli. Ufundi hupunguza hatari, hauiondoi. Mti uliokua umeinama una mvutano ndani yake usioonekana kwa macho, na hujitokeza baada ya kukatwa. Kwa hiyo mkubaliane mapema hasara ni ya nani. Kwa maoni yangu, haki ni mteja kubeba hasara ya gogo na fundi kubeba hasara ya kazi yake. Wengine watapanga vingine, ilimradi iandikwe. Na kama ni mti wa marehemu mama, usipeleke kipande kimoja tu.

“Mti wowote unafaa.”

Kweli kwa sehemu. Mwembe unakerezeka vizuri, ila utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na vumbi lake halifai kuvutwa. Mfenesi ni mzuri mno. Lakini rangi yake ya manjano haidumu: kwa mwanga na wakati hugeuka kahawia, basi usimlaumu fundi. Mninga husinyaa kidogo, ndiyo sababu maseremala wanauthamini. Mnazi ni mgumu upande wa nje na laini katikati, kwa hiyo bakuli lake hutolewa karibu na gome na haliwi kubwa. Mpingo ni mzito hata huzama majini, tena kuuvuna Tanzania kunahitaji kibali. Tangu mwaka 2017 umo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo ukitaka kumpelekea ndugu aliye ng'ambo, uliza taratibu kabla ya kufunga mzigo.

“Likishakauka, halibadiliki tena.”

Si kweli. Mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote. Bakuli lililotulia Tanga litasogea kidogo likihamia Dodoma kukavu, au kwenye chumba cha kiyoyozi Muscat. Mafuta huchelewesha mabadiliko hayo tu, nayo yawe yale yanayokauka, kama ya kitani, maana mengi ya kupikia hubaki yananata na mwishowe hunuka.

Basi mti ukianguka nyumbani, usingoje fundi apatikane. Kata magogo marefu kuliko bakuli unalotaka, paka ncha zote mbili nta au rangi nzito siku hiyohiyo, yaweke kivulini juu ya vigingi, kisha ndipo upige simu.