Tramu Haikwepi

Dereva wa basi akiona mtoto amekimbilia mpira barabarani, anaweza kukanyaga breki au kukata usukani. Dereva wa tramu hana usukani. Amebaki na breki, tena gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kuliko tairi juu ya lami. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, breki ya kawaida huisimamisha tramu baada ya mita 80 hivi. Ile ya dharura, yenye sumaku zinazong'ang'ania reli na mchanga unaomwagwa mbele ya magurudumu, hukata karibu nusu ya umbali huo.

Hatari hii si ngeni: Antoni Gaudí, msanifu wa kanisa la Sagrada Família, aligongwa na tramu mjini Barcelona tarehe 7 Juni 1926, akafariki siku tatu baadaye.

Leo tramu inaweza kufungwa jicho la ziada: lida. Kifaa hiki hurusha mipigo ya leza isiyoonekana, kisha hupima muda ambao mwanga umetumia kugonga kitu na kurudi. Mwanga ukirejea baada ya nanosekunde 200, kitu kiko mita 30 mbele. (Nanosekunde ni sekunde moja uliyoigawa mara bilioni.) Mipigo hiyo huchora mtaa kwa nukta: nguzo, baiskeli, mguu wa mtu anayeshuka ukingoni.

Kupima ni kazi nyepesi. Kuamua ndiko kwenye kazi. Kituoni watu husimama hatua moja tu kutoka relini, na kompyuta inayosoma nukta hizo ikimwogopa kila mmoja wao, tramu haitatoka hapo. Kwa hiyo kompyuta hupewa ramani ya njia, ijue reli inapinda wapi na ichunguze ukanda ule tu ambao behewa litapita. Ikikosea ikafunga breki ya dharura bure, watakaoumia ni waliosimama ndani wakishika mikanda.

Ukungu na mvua kubwa navyo huisumbua leza. Ndiyo maana tramu ya majaribio ambayo kampuni ya Siemens iliionyesha Potsdam, Ujerumani, mwaka 2018, kwenye njia ya kilomita 6, ilibeba lida, rada na kamera kwa pamoja, na dereva akiwa kitini. Kampuni ya Bosch, kwa upande wake, iliiacha leza ikatumia rada na kamera: mfumo wake humpigia dereva kengele kwanza, na asipoitikia, unafunga breki wenyewe.