Ajira Afrika Kusini (Sehemu ya Pili): Nchi Iliyowafundisha Watu Kutegemea Mshahara

Sehemu iliyotangulia ya mfululizo huu iliishia mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand na mji wa Johannesburg ukaanza kuota katikati ya mahema ya wachimbaji. Kabla ya kuendelea kutoka hapo, inafaa kwanza kuyatazama matokeo yake ya leo, kwa sababu takwimu za ajira za Afrika Kusini husomwa vibaya hata na wenyeji wake.

Katika robo ya kwanza ya mwaka 2024, Idara ya Takwimu ya nchi hiyo ilihesabu watu milioni 16.7 wenye kazi na milioni 8.2 wasio nayo, yaani asilimia 32.9 ya nguvukazi. Nguvukazi si watu wazima wote, bali ni wale wenye umri wa miaka 15 hadi 64 ambao ama wanafanya kazi ama wanaitafuta. Ili mtu aandikwe kuwa hana ajira, sharti awe hakufanya kazi hata kwa saa moja katika wiki inayoulizwa, awe aliitafuta kwa vitendo katika wiki nne zilizotangulia, na awe tayari kuianza akiipata. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hutolewa katika hesabu hiyo na kuingizwa katika kipimo cha pili, kinachoitwa kipimo kipana, ambacho kwa robo hiyohiyo kilifikia asilimia 41.9. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 24, kipimo cha kwanza peke yake kilikuwa kama asilimia 60.

Mwezi Juni 2025 Gerrie Fourie, wakati huo akiwa mkuu wa benki ya Capitec, alizua mjadala mkubwa aliposema kwamba kiwango halisi huenda ni kama asilimia 10 tu, kwa hoja kwamba takwimu rasmi haziwaoni wauza vyakula, wasusi na wenye vibanda waliojaa vitongojini. Hoja hiyo inavutia, hasa kwa mtu aliyezoea pilikapilika za Kariakoo au Gikomba, lakini msingi wake si sahihi: saa moja ya kuuza maandazi kando ya barabara inatosha kumtoa mtu katika orodha ya wasio na ajira, na Idara ya Takwimu ilimjibu kwa kueleza kwamba watu hao huhesabiwa. Swali linalobaki baada ya jibu hilo ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni kwa nini wauzaji hao ni wachache kiasi hicho, hata sekta isiyo rasmi iwe chini ya moja ya tano ya ajira yote, ilhali katika nchi nyingi za Afrika ndiyo inayobeba wafanyakazi wengi kuliko sekta nyingine yoyote nje ya kilimo.

Tanzania, kwa mfano, haiikaribii Afrika Kusini kwa viwanda wala kwa migodi, na bado kiwango chake rasmi cha ukosefu wa ajira ni sehemu ndogo tu ya kile cha huko. Hii haina maana kwamba kazi nzuri zimejaa. Kijana wa Singida anayekosa kibarua Dar es Salaam hurudi kwao kulima alizeti katika shamba la ukoo, au mjomba humpa mtaji kidogo akawa machinga, na kwa vyovyote vile anahesabiwa kuwa anafanya kazi hata kama anachokipata hakimtoshi kula. Umaskini wake umejificha ndani ya ajira. Afrika Kusini umaskini wa namna hiyo unaonekana wazi katika takwimu, kwa sababu mahali pa kujificha paliondolewa kwa sheria, hatua kwa hatua, katika muda wa takriban miaka 100.

Chanzo chake kimo katika mwamba wenyewe. Dhahabu ya Witwatersrand ni nyingi lakini imetawanyika mno: tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu, na mwamba huo huenda chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa. Bei ya dhahabu nayo ilikuwa imefungwa na mfumo wa fedha wa dunia, hata kampuni ambayo gharama zake zimepanda isiweze kumwongezea mnunuzi bei kama afanyavyo muuza mahindi mwaka wa ukame. Kilichoweza kubanwa ni ujira, na wenye migodi waliunda chama chao ambacho, pamoja na mengine, kilihakikisha kwamba kampuni hazinyang'anyani vibarua kwa kupandishiana malipo. Hata hivyo, Waafrika wengi wa wakati huo hawakuwa na haja kubwa ya ujira huo. Walikuwa na ng'ombe na mashamba, na wakulima wa Kixhosa, Kimfengu na Kisotho walikuwa wakiziuza nafaka zao katika miji mipya na kushindana vizuri tu na wakulima wa Kizungu.

Sheria zilizofuata zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa kama jibu la tatizo hilo. Mwaka 1894 serikali ya Cecil Rhodes huko Rasi ilipitisha Sheria ya Glen Grey, ambayo iligawa ardhi katika viwanja vidogo visivyotosha kurithiwa na wana wote, na ikamtoza shilingi kumi kwa mwaka mwanamume asiyeweza kuthibitisha kwamba alifanya kazi ya ujira nje ya wilaya yake kwa miezi mitatu. Kodi hiyo ilikuwa ngumu kukusanya na ilikuja kuachwa, lakini wazo lake halikuachwa. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwazuia Waafrika, waliokuwa wengi wa wakazi wote, kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo yaliyotengwa ambayo yalikuwa kama asilimia 7 ya nchi, na mwaka 1936 eneo hilo likapangwa kupanuliwa hadi kama asilimia 13. Juu ya hayo palikuwa na hati ya kutembelea, ndugu wa kipande cha Kenya ya kikoloni, ambayo haikufutwa hadi 1986, na ambayo ilimruhusu mtu kukaa mjini kwa muda ule tu ambao mwajiri alimhitaji.

Mwanazuoni Harold Wolpe, katika makala yake ya 1972, alieleza faida ambayo mgodi uliipata kwa mpango huo: mchimbaji alilipwa ujira wa kumtosha yeye mmoja katika bweni la wanaume, kwa kisingizio kwamba mkewe na watoto wanalishwa na shamba la kijijini, na alipougua au kuzeeka alirudishwa kwenye shamba hilohilo. Francis Wilson, katika utafiti alioutoa mwaka huohuo, alionyesha kwamba thamani halisi ya mshahara wa mchimbaji mweusi wa dhahabu mwaka 1969 haikuzidi ile ya 1911. Mashamba yaliyodaiwa kuwalisha wengine yalikuwa yamekwisha kuchoka muda mrefu kabla ya hapo.

Mtandao wa kuajiri ulivuka mipaka. Shirika la kukusanya vibarua lililojulikana Kusini mwa Afrika kwa jina la Wenela liliwachukua wanaume kutoka Msumbiji, Malawi na kwingineko, na Wanyakyusa wa Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika walikuwa miongoni mwao, mpaka serikali ya Tanganyika ilipousitisha mpango huo baada ya uhuru wa 1961. Wazee wa Tukuyu walilitumia jina la Wenela kama vile wa Tanga walivyotumia manamba, na mikataba yenyewe ilishabihiana kwa mengi.

Kufunga mlango wa shamba kusingetosha kama mlango wa biashara ungebaki wazi, na huu nao ulifungwa. Kanuni za 1963 zilimkataza mfanyabiashara mweusi wa mjini kumiliki zaidi ya duka moja au kuuza kitu kisichokuwa cha mahitaji ya kila siku, na mwenye kutaka kukua aliambiwa aende kwenye eneo la kabila lake. Ndani ya kazi ya mshahara kwenyewe palikuwa na dari: cheti cha kulipua baruti migodini kilibaki mali ya Wazungu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ilikusudia waziwazi kumpa mtoto mweusi elimu isiyozidi kazi aliyopangiwa. Ni jambo la kushangaza kwamba leo baadhi ya wachambuzi huwalaumu wakazi wa Soweto au Tembisa kwa kukosa moyo wa ujasiriamali, ilhali vizazi viwili au vitatu vilivyotangulia viliadhibiwa kwa kuwa nao.

Mpaka hapo mfumo ulikuwa wa kikatili lakini ulikuwa na kazi ya kuwapa watu. Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1970. Bei ya dhahabu ilifunguliwa ikapanda, Malawi iliwazuia watu wake baada ya ndege iliyobeba wachimbaji kuanguka Francistown mwezi Aprili 1974, na Msumbiji ikapata uhuru mwaka uliofuata. Migodi ikalazimika kuajiri raia, kuwaongezea mishahara, na kuanza kutafuta mashine zinazopunguza watu. Mashamba makubwa ya Wazungu yalikuwa yamekwisha kuleta matrekta na mashine za kuvuna, na familia zilizoishi humo zikafukuzwa. Katikati ya miaka ya 1980 migodi ya dhahabu iliajiri watu zaidi ya 500,000. Leo hawafiki 100,000. Kazi zilizozaliwa baadaye, katika benki, bima, maduka makubwa na ofisi za serikali, zinataka vyeti na lugha ambavyo shule za 1953 ziliundwa zisivitoe. Serikali iliyoingia madarakani 1994 ilishusha ushuru wa forodha haraka, viwanda vya nguo vikazidiwa na bidhaa za China, na kuanzia 2008 mgao wa umeme ukaongeza lake.

Umbali nao una bei. Sheria ya 1950 ya kugawa makazi kwa rangi iliwasukuma weusi pembezoni mwa miji, na nyumba nyingi ambazo serikali ya baada ya 1994 ilizijenga kwa ajili ya maskini zilijengwa hukohuko, kwa kuwa ndiko ardhi ilikokuwa rahisi. Mtafuta kazi hupanda teksi za abiria, jamaa za daladala na matatu, mara nyingi mbili kwa safari moja, akiwa na bahasha ya nakala za kitambulisho na cheti cha kidato cha mwisho zilizogongwa mhuri kituo cha polisi. Hulipia bando la intaneti kutuma maombi ambayo hayajibiwi, na hesabu ya mwezi huonyesha kwamba kutafuta kazi kumemgharimu fedha za chakula. Wengine husimama tangu alfajiri karibu na maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, kila mmoja na kibao chake kilichoandikwa ufundi wake, rangi, vigae au mabomba, pamoja na namba ya simu, wakingoja gari dogo la mizigo lisimame. Akipata kibarua cha siku hiyo, takwimu humhesabu kuwa ana kazi.

Katika hali hii mgeni anayefungua duka dogo kitongojini huonekana mwizi wa riziki. Machafuko ya Mei 2008 yaliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe, wengine wakishukiwa kwa lugha tu au kwa weusi wa ngozi. Vijana wa Kitanzania wanaokwenda kwa Madiba wanalijua vizuri jambo hili. Msomali, Mhabeshi na Mmalawi walioingia katika biashara hizo walikuja na mtandao wa ndugu, mikopo ya kuaminiana na ununuzi wa pamoja, yaani mtaji uleule ambao kanuni za 1963 zilikuwa zimeukata kwa wenyeji.

Hifadhi ya jamii nayo ilijengwa juu ya dhana kwamba mtu mzima mwenye afya ana mshahara. Wazee hupata pensheni, na tangu 1998 wapo watoto wanaopata ruzuku. Mfuko wa bima ya kukosa kazi huwalipa waliowahi kuuchangia, lakini sehemu kubwa ya wasio na ajira hawajawahi kuwa na cha kuchangia. Ndiyo maana kijana wa Rasi ya Mashariki hubaki kijijini kwa bibi yake, mbali na kila kazi, kwa kuwa pensheni ya bibi ndiyo fedha pekee ya uhakika inayoingia nyumbani. Pengo hilo lilizibwa kwa mara ya kwanza Mei 2020, wakati wa UVIKO, kwa ruzuku ya randi 350 kwa mwezi, iliyoongezwa hadi randi 370 mwaka 2024, kwa mtu wa miaka 18 hadi 59 ambaye kipato chake hakizidi randi 624. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba masharti kadhaa ya ruzuku hiyo, likiwamo la kuomba kwa njia ya intaneti peke yake, yanakiuka Katiba, na serikali ikaamua kukata rufaa. Shauri hilo, pamoja na hoja ya kuigeuza ruzuku hiyo kuwa kipato cha kudumu kwa kila mtu mzima asiye na kazi, litachambuliwa katika sehemu ya tatu.