SI KILA APEPESUKAYE AMELEWA

Katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mjini Kigali, askari polisi wa zamu aweza kumkuta mtu anapepesuka, ulimi mzito, macho yakimchezacheza. Hukumu ya haraka ni kwamba mtu huyo amelewa. Lakini huenda hajaonja pombe hata tone. Huenda ni mgonjwa wa kifafa, ugonjwa ambao kwa Kinyarwanda huitwa igicuri, na dawa anayomeza kila siku imezidi katika damu yake.

Jambo hili lina sababu yake. Dawa ya fenitoini, iliyoanza kutumiwa dhidi ya kifafa mwaka 1938, huvunjwavunjwa na ini, na uwezo wa ini katika kazi hiyo una mpaka. Mpaka ukifikiwa, nyongeza ndogo ya dawa huleta ongezeko kubwa katika damu. Kwa kawaida waganga hutaka ziwepo mikrogramu 10 hadi 20 katika kila mililita ya majimaji ya damu. Zikizidi sana, mgonjwa hupepesuka na kusinzia. Zikipungua sana, kifafa chaweza kurudi.

Ndiyo sababu damu hupimwa. Kwa kawaida hutolewa asubuhi, kabla mgonjwa hajameza dawa yake. Kipimo hicho humsaidia mganga kujua kama dawa haimezwi ipasavyo, kama haitoshi, au kama imepita kiasi. Hufichua pia mgongano wa dawa: kati ya dawa za kifua kikuu, isoniazidi yaweza kuipandisha fenitoini katika damu, na rifampisini yaweza kuishusha. Hata hivyo tarakimu peke yake haitoshi. Mganga hana budi kumtazama na mgonjwa mwenyewe.

Mambo haya yawahusu moja kwa moja walinzi wa usalama. Mahabusu akinyang'anywa vidonge vyake pamoja na mkanda na fedha, dawa huendelea kupungua katika damu yake. Aweza kushikwa na kifafa mfululizo, hali inayoweza kuua. Vivyo hivyo, askari aliye kambini akificha ugonjwa wake na kuacha dawa kwa kuona haya, huyatia hatarini maisha yake na ya wenzake, hasa akiwa na silaha au kwenye usukani wa gari.

Hivyo basi, ni wajibu wa askari kuuliza kabla ya kuhukumu: mtu huyu hutumia dawa gani? Vidonge vya mahabusu vihifadhiwe, naye apewe kwa saa zake kama mganga alivyoagiza. Mwenye dalili za dawa kuzidi apelekwe hospitali, wala asifungiwe mpaka asubuhi kwa kudhaniwa kuwa pombe itamtoka. Na kifafa kikizidi dakika tano, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja.