Vita vya setilaiti vinavyopiganwa chini

Kwenye ramani, safari ya kutoka Goma kwenda Walikale, mashariki mwa Kongo, haionekani kuwa ndefu: unapita Sake, unapanda milima ya Masisi, kisha unateremka msituni. Anayeijua njia hiyo hadanganywi na ramani. Mvua zikianza malori hulala kwenye tope, na vizuizi vya wenye bunduki hubadilisha wamiliki kila vita vinaposogea. Ndiyo maana dawa, chanjo na majeruhi wa huko hutegemea sana ndege na helikopta. Hata madini ya bati ya Bisie, katika miaka ya 2000, yalisombwa na ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo, kwa sababu njia nyingine ya maana haikuwepo.

Rubani anayeruka leo juu ya milima hiyo hutazama chini akipata nafasi, lakini zaidi hutazama kioo cha GPS. Mwaka 2024 kioo hicho kilianza kumdanganya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vikwazo vya Kongo walieleza katika ripoti yao ya Desemba mwaka huo kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa na kughushiwa katika maeneo ya Kivu Kaskazini yaliyoshikwa na waasi wa M23 na jeshi la Rwanda pamoja na maeneo jirani, na kwamba ndege za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani nchini humo, na za mashirika ya misaada ziliathirika. Marekani ililisema jambo hilo hadharani katika Baraza la Usalama mwezi huohuo. Kigali, kwa upande wake, imekuwa ikikana kuwa inapigana bega kwa bega na M23, ikizungumzia hatua za kujilinda.

Habari hiyo ilizama haraka, na si ajabu. Mnamo Januari 2025 Masisi mjini ilianguka mikononi mwa M23, kisha Sake, kisha Goma yenyewe. Nani angejali mawimbi ya redio wakati maelfu ya watu wako barabarani na magodoro kichwani? Mimi nadhani tulipaswa kujali. Mashindano ya silaha za anga za juu, ambayo wanadiplomasia wa Geneva huyajadili kama jambo la kesho, yalikuwa yamekwisha kufika kwetu, na yalifika kwa sura ambayo mikataba haikuitarajia.

Tuanze na mtambo wenyewe. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja imebeba saa ya atomiki na kazi yake kubwa ni kutangaza saa na mahali ilipo. Kipokezi kilicho kwenye ndege au kwenye simu yako husikiliza angalau setilaiti 4, hupima kila tangazo limechelewa kiasi gani kufika, na kwa tofauti hizo hukokotoa kilipo. Hesabu hii haivumilii uzembe: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300 ardhini, na mita 300 katika bonde la Masisi zinatosha kuihamisha ndege kutoka hewani hadi ubavuni mwa mlima.

Udhaifu wake uko kwenye nguvu. Setilaiti hutangaza kwa makumi machache tu ya wati, na baada ya safari hiyo ndefu kinachofika chini ni kidogo kuliko kelele za kawaida za redio zilizotuzunguka. Ni mtu anayekunong'oneza kutoka ng'ambo ya soko; kipokezi kimefundishwa kuitambua sauti yake, lakini muuza dawa za minyoo akiwasha spika yake karibu nawe, mnong'ono umekwisha. Huko ndiko kuvuruga. Kughushi ni werevu zaidi: mtambo wa ardhini unaiga tangazo la setilaiti kwa nguvu kubwa kidogo, na kipokezi, bila kushtuka, kinaamini kiko mahali kisipokuwepo. Mvurugo humwambia rubani kwamba hana GPS, naye anaweza kurudia dira, ramani na macho yake. Mghushi hamwambii kitu. Vifaa vya kumtahadharisha kuhusu milima vinaweza kupiga kelele mahali palipo wazi, au kunyamaza penye jabali. Jirani na Goma kuna Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ambao mara nyingi umejifunika mawingu.

Anayefanya hivyo huwa analenga droni. Kongo ndipo Umoja wa Mataifa uliporusha droni zake za kwanza za upelelezi, Goma, Desemba 2013, na tangu hapo kila upande umejifunza kuogopa jicho la angani. Jeshi la Kongo nalo lina droni za Kichina zenye makombora. Basi ukiwa na askari msituni, kuipofusha droni kwa mawimbi ni rahisi na nafuu kuliko kuitungua. Tatizo ni kwamba mawimbi hayachagui. Droni ya vita na helikopta inayomfuata mgonjwa katika hospitali ya Masisi husikiliza setilaiti zilezile, kwenye masafa yaleyale.

Sasa sheria inasema nini? Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutia saini mwaka huohuo, uliandikwa na watu waliokuwa na hofu ya nyuklia. Walikuwa na haki ya kuogopa: Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, taa za barabarani zikazimika Hawaii na setilaiti kadhaa zikaharibika. Kwa hiyo mkataba unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi kwenye mzingo wa dunia. Silaha za kawaida haukuzikataza zisiwekwe huko. Kombora linalorushwa kutoka duniani na kupasua setilaiti halikutajwa, na China mwaka 2007, Marekani 2008, India 2019 na Urusi 2021 zote zimewahi kuvunja setilaiti zao wenyewe kwa namna hiyo. Jaribio la China peke yake liliacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa na rada.

Tangu mwaka 2008 Urusi na China zimependekeza mkataba wa kupiga marufuku kuweka silaha yoyote angani. Marekani na rafiki zake hujibu kwamba hauwezi kuhakikiwa, na kwamba unaacha nje silaha za ardhini. Wao, wakiongozwa na Uingereza katika azimio la 2020, wanataka kwanza yawekwe masharti ya mwenendo: lipi ni tendo la hatari, lipi halikubaliki. Ubishi huu umeshaua vikao vingi. Cha mwisho kati yake, kikosi kazi kilichokutana 2022 na 2023, kilimalizika bila hata ripoti ya pamoja. Kingine kimepewa muda hadi 2028.

Kwa kawaida Mwafrika akisikia ubishi huo huona ni wa ndovu wawili. Lakini upimeni kwa kilichotokea Kivu. Mtambo wa kuvuruga GPS hupandishwa juu ya gari na kuegeshwa popote. Hauko angani na hautaenda angani. Mkataba wa kukataza silaha zisiwekwe kwenye mzingo ungetiwa saini kesho na nchi zote duniani, na rubani wa kwenda Walikale asingepata nafuu yoyote. Kwa hoja hiyo moja, mimi naegemea upande wa mwenendo, ingawa walioupendekeza nao wana mitambo ya namna hiyohiyo maghalani mwao.

Kuna sheria nyingine iliyo karibu zaidi na jambo letu, nayo ni ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Katiba yake, kifungu cha 45, inazitaka nchi zisiharibiane mawasiliano ya redio. Machi 2025 shirika hilo, pamoja na yale ya usafiri wa anga na wa baharini, lilitoa tamko la kulalamikia uvurugaji wa setilaiti za uelekezi. Ila songa mbele hadi kifungu cha 48: nchi zinabaki na uhuru wao wote kuhusu mitambo ya redio ya kijeshi. Kinachofuata ni sharti la upole kwamba majeshi nayo yajitahidi, kadiri inavyowezekana, kutosumbua wengine. Mlango umefungwa mbele, ukaachwa wazi nyuma.

Inauma zaidi ukikumbuka setilaiti na droni zenyewe zimetengenezwa kwa madini gani. Tantali ya kapasita zinazotumika katika setilaiti na katika droni hutokana na koltani, na Rubaya, wilayani Masisi, imekuwa miongoni mwa machimbo makubwa ya koltani duniani. M23 waliichukua Aprili 2024. Bati la kuungia saketi linatoka, kwa sehemu, Bisie, mgodi wa Walikale unaotoa karibu asilimia 6 ya bati la ulimwengu, ambao ulisimama kwa wiki kadhaa Machi 2025 waasi walipokuwa wakiisogelea Walikale mjini.

Kinshasa ingeweza kufanya nini? Kanuni za redio za ITU zina fomu ya kuripoti usumbufu. Inauliza masafa, saa, nguvu ya mawimbi, na mahali ulipo mtambo unaosumbua, kisha malalamiko yanapelekwa kwa serikali yenye mamlaka juu ya mtambo huo. Hapo ndipo pagumu. Mtambo ukiwa mikononi mwa kundi lisilotambuliwa na yeyote, barua haina wa kupokea; ukiwa wa jeshi la nchi jirani, nchi hiyo itasema haupo, au itafungua kifungu cha 48. Kinachobaki ni ushahidi, na ushahidi upo: kila ndege iliyopoteza GPS ina kumbukumbu ya saa na mahali ilipoipotezea, na kumbukumbu nyingi zikiwekwa pamoja huchora duara ambalo mtambo umo ndani yake. MONUSCO wanazo, mashirika ya misaada wanazo. Kikosi kazi cha kuzuia mashindano ya silaha angani kitaendelea kukutana hadi 2028, na ushahidi huo unaweza kuwekwa mezani pake: kiti cha Kongo kiko ukumbini.