Imani Iliyohifadhiwa Nyumbani



Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, Uhispania, nyumba kuukuu ilipokuwa ikibomolewa vilionekana vitabu vya Kiislamu vilivyofichwa sakafuni. Wenyewe walikuwa wamekwisha ondoka zaidi ya karne mbili nyuma. Ni watu gani hao, na walimwogopa nani?

Granada ilipotekwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1492, Waislamu waliahidiwa kwa maandishi kwamba dini yao haitaguswa. Ahadi ile haikudumu miaka kumi. Mwaka 1502 Waislamu wa Castilla walitakiwa kuchagua: ubatizo au kuhama. Wengi hawakuwa na njia ya kuhama.

Mwaka 1504 mufti wa Maghrib, Ahmad bin Abi Jumaa, aliwaandikia kuwaliwaza. Aliwaruhusu kuswali hata kwa ishara, na kutayamamu kwa kupangusa ukuta; na wakilazimishwa kutamka kufuru, watamke ilhali nyoyo zinakataa. Hukumu hiyo ina asili katika Sura An-Nahl, aya ya 106, ambayo wafasiri wanaihusisha na mateso ya Ammar bin Yasir.

Mwaka 1567 dhiki ilizidi. Lugha ya Kiarabu ilipigwa marufuku, wanawake wakakatazwa kujifunika nyuso, na ikaamriwa milango ya nyumba iachwe wazi siku ya Ijumaa, ili ibada isifichike.

Hapakuwa tena na msikiti wala chuo. Dini ilibaki mikononi mwa wazazi, na akina mama walikuwa miongoni mwa walimu wake wakubwa. Kiarabu kilipofifia, waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vingi vya vitabu vile vya sakafuni.

Kati ya 1609 na 1614 walifukuzwa watu wapatao laki tatu. Wengi walifika Maghrib na Tunis, wakaswali hadharani.

Mama yangu, dada yangu, leo adhana tunaisikia bila hofu, na mtoto tunampeleka chuoni tukadhani tumemaliza. Je, chuo kikifungwa kesho, nyumba yako itaweza kumfundisha Al-Fatiha, udhu na swala? Anza usiku huu, baada ya Isha.

Mwenyezi Mungu azithibitishe nyoyo zetu. Amin.